Ngano ya Maji ya Stamili

Kitangari, 10 Machi 1907

Kwa Mjomba Kasiani, Misheni ya Masasi.

Shikamoo Mjomba. Naandika nimemfunga Stamili mgongoni, basi ukiona mstari umepanda kilima ujue amenivuta nywele. Sisi wazima. Homa yake ilikaa siku nne ikaondoka. Anaota magego na kila anachokiona anakitafuna, juzi kaitafuna kona ya Kitabu cha Sala. Mimi nimechoka tu, uchovu wa maji. Nashuka bondeni jogoo la pili, na nikirudi na mtungi jua limeshakuwa kali. Jirani yangu Somoe anakusalimu, na anamkumbusha mkaza mjomba zile mbegu za maboga.

Sasa neno lenyewe. Mwaka jana uliposhuka kwenda kuijenga misheni iliyoungua vitani, uliniachia vilindo viwili vya mbegu ukasema, "Vitunze kuliko nguo yako ya Jumapili." Nimevitunza. Chenye uzi mweupe ni ngano ya padre, ile inayoliwa na ugonjwa wa kutu kila mwaka. Chenye uzi mwekundu ni ngano yetu, wajukuu wa yale masuke matatu uliyoyakuta mazima. Vyote vimekaa darini juu ya jiko, ndani ya moshi, kama mama alivyoweka mtama. Nilipanda kidogo ya kila moja ili mbegu isizeeke, nikavuna, nikarudisha.

Njaa ilipotukaza tulichimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka vidole vikatoka malengelenge. Vilindo sikuvigusa. Ila siku moja nilikula punje saba za uzi mwekundu. Nilizihesabu. Nakuambia mimi mwenyewe ili usije ukasikia kwa padre.

Muharami, yule mchuuzi wa chumvi, anakuletea nusu ya kila kilindo. Amenusa akasema, "Mama Stamili, mbegu ya moshi miaka miwili? Mjomba wako akiipanda ataota samaki mkavu." Mwambie hapana.

Na jambo moja. Inasemekana wapagazi waliochukuliwa na askari wanarudi mmoja mmoja kupitia Masasi. Niulizie Nikolao. Ni mwaka na miezi miwili sasa tangu abebe ule mzigo, na mtoto hamjui baba yake.

Ni mimi mpwa wako,
Getrude

—

Masasi, Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 1907

Mpwa wangu Getrude, Mama Stamili,

Marahaba, mwanangu, marahaba na ya kesho. Muharami amefika salama, na samaki wako wakavu nimewapanda tangu Jumatano. Punje saba nimezisamehe. Nilikuwa nimejiandaa kusamehe kibaba kizima, kwa hiyo umenipa faida.

Huku tunasimama tena. Kanisa ni la miti na nyasi, linavuja juu ya wanakwaya wa sauti ya nne, na sauti ya nne haijawahi kuimba kwa bidii namna hii. Nafundisha watoto ishirini na wawili kibandani. Mguu wangu ni ule ule, unatabiri mvua kuliko padre. Mkaza mjomba wako anakutumia mbegu za maboga, Somoe apunguze kelele.

Uliniuliza siku moja tukipura, nikakujibu nusu kwa sababu ya kikohozi, jinsi nilivyoyapata yale masuke matatu. Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita. Padre alitaka mkate wa Komunyo utoke kwenye ardhi yetu, si unga wa pwani uliojaa fukusi. Ngano ikaota vizuri, kisha ikaanza kuota vidonda. Kwanza nukta, halafu vipele vinapasuka, halafu shamba zima jekundu. Ukipita katikati yake unatoka na kanzu kama umegaagaa kwenye udongo wa mfinyanzi. Punje zikawa maganda. Lakini katikati ya shamba mabua matatu yamesimama, kijani, kama hayakuambiwa. Nikachukua vumbi jekundu kwa kidole, nikayapaka majani yale kila asubuhi siku tisa, umande ukiwapo. Hayakuugua.

Padre aliniazima kioo chake kinachokuza. Lile vumbi, mwanangu, ni vijiyai. Elfu kwa elfu. Kutu ya jembe haizai. Hii inazaa, na watoto wake wanapanda upepo bila ruhusa ya boma.

Sasa sikia. Padre ameahidi: ngano yetu ikitoa unga wa mwaka mzima kwa mavuno mawili, haya na ya mwakani, misheni itatupa kipande kando ya kijito, na nyumba yako wewe na Stamili. Hatua arobaini mpaka majini! Nimezipima kwa mguu huu mbovu, kwa hiyo kwako ni thelathini. Mavuno ya pili yakishindwa, shamba litapandwa pamba ya boma, na ngano basi.

Nimeuliza habari za Nikolao. Bado hakuna.

Mjomba wako,
Kasiani

—

Kitangari, 25 Agosti 1907

Shikamoo Mjomba, na mkaza mjomba shikamoo.

Maboga yameota, Somoe amenyamaza. Stamili anatembea. Anatembea kama wewe, anavuta mguu mmoja, na sijui kamwiga nani maana hakuoni. Nimemchunguza, mguu hauna kitu. Ni utani wa Mungu.

Mavuno ni mazuri. Ya uzi mwekundu pishi nne kutoka kile kipande kidogo, punje zimejaa, ukizimwaga kwenye ungo zinalia. Ya padre imeliwa na kutu kama kawaida yake, nimepata kibaba cha makapi. Nasikia yako nayo imesimama safi. Basi tumebakiza mwaka mmoja, Mjomba. Hatua thelathini! Nilipowaambia wanawake kisimani walicheka, wakasema nitasahau kutembea.

Nikuchekeshe na wewe. Mwaka juzi, na mwaka jana tena, nilipepeta uani, punje zikaruka mpaka nyuma ya nyumba, mahali ninapomwogeshea Stamili. Zimeota. Zote mbili, yetu na ya padre, zimechanganyikana. Kiangazi hiki hata mbigili zimekauka, lakini pale kwa sababu ya maji yake ya kuoga pamekuwa kijani kama kitambaa. Za kwanza zinazeeka na zingine zinachipua chini yake. Ya padre ina wekundu wake, yetu haina kitu. Stamili huwa anakaa pale akiongea nayo.

Umeniambia "bado hakuna" mwezi wa nne. Sasa ni wa nane. Uliza tena.

Getrude

—

Masasi, 3 Februari 1908

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nisamehe kimya. Mvua, shule, mguu, mambo. Kalamu niliishika mara nyingi nikaiweka.

Tunapanda mwishoni mwa Machi, shamba zima safari hii. Panda na wewe kipande chako, ya uzi mwekundu peke yake, safi, usiweke hata punje moja ya aina nyingine kati yake. Mtu akiwa na mwana hodari haoni haja ya kumtuma mgonjwa. Ile ya padre bakiza kidogo tu kwa kumbukumbu.

Nguzo za nyumba yako nimeshakata. Mkaza mjomba anasema dirisha liangalie kijito.

Kuhusu wapagazi, watu husema mengi. Mbusu Stamili. Mwambie aache kuniiga.

Kasiani

—

Kitangari, 14 Juni 1908

Shikamoo Mjomba. Mtoto mzima, mimi mzima, Somoe ana macho mekundu ya moshi lakini anaona mambo ya watu vilevile.

Sina maneno mengi. Leo asubuhi nilipita shambani kwenye umande na nguo yangu imetoka nyekundu magotini. Nilidhani ni udongo. Nikarudi nikaangalia jani moja, la pili, la kumi. Mjomba, ni ngano yetu. Ya uzi mwekundu. Vipele vimepasuka mpaka kwenye bua.

Angalia yako. Angalia leo hii.

Getrude

—

Masasi, 5 Julai 1908

Getrude,

Barua yako ilinifikia shamba langu likiwa safi, nikakasirika na wewe siku nzima. Siku ya saba baada yake nukta zikaja, upande wa mashariki, upande unaotoka upepo wa kwenu. Sasa ni shamba zima. Padre alikuja akasema "Pole, Kasiani," na hilo ndilo lililoniumiza.

Nakuuliza swali na unijibu kweli. Uzi mweupe na uzi mwekundu, una uhakika hukuvichanganya? Mtoto mgongoni, uchovu, giza la darini, mtu anaweza kufunga uzi huu mahali pa ule. Miaka minne, mwanangu. Nilizilinda zile punje kwenye vita. Nilizibeba kwapani watu walipokuwa wakibeba watoto.

Pamba inakuja Desemba.

K.

—

Kitangari, 2 Agosti 1908

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama, maana nilikuwa na hasira na hasira ya kukaa inanitoa machozi.

Sikuchanganya. Nimechoka, ndiyo. Nimelala nikisonga ugali, nimeweka chumvi mara mbili, nimemwita Stamili kwa jina la mbuzi. Lakini mbegu sikuichanganya, kwa sababu ya padre haina ndevu na yetu inazo ndefu, na hata kipofu angezijua kwa kidole. Na wewe unajua hivyo. Na waliobeba watoto vitani usiwataje kwa njia ile. Mimi nilikuwa nimebeba wa kwangu tumboni na kilindo chako kimoja kichwani.

Hayo yameisha. Sasa nikuambie nilichofanya badala ya kulia.

Kwenye kilindo kulikuwa bado na kifurushi cha punje za miaka ya nyuma, zile ulizozifunga mwenyewe kabla ya vita, na fundo la uzi ni la kwako, la mkono wa kushoto. Niliogopa zimekufa. Nilipanda kumi kwenye chungu kilichovunjika, zikaota mbili, zina ndevu kama baba zao. Nikachukua vumbi jekundu la mwaka huu, nikazipaka kwa kidole, asubuhi na umande, kama ulivyofanya wewe. Wewe ulipaka siku tisa hazikuugua. Za kwangu siku ya tisa zilikuwa na nukta, ya kumi na mbili zimepasuka.

Basi mbegu ni ile ile, Mjomba. Kutu ndiyo si ile ile.

Fikiria nguruwe na ua wa mihogo. Nguruwe wote wanarudishwa na ua. Miaka inapita, unasema ua wangu hauna mfano. Lakini anazaliwa mmoja mwenye pua nyembamba kuliko ndugu zake, anapenya, anashiba, anazaa. Mwaka unaofuata nguruwe wote unaowaona ni watoto wa yule. Ua haukubadilika. Na kutu inazaa kuliko nguruwe, wewe ndiye uliyeniambia.

Na nyie mkapanda shamba zima aina moja! Huku juu nani anapanda mtama wa aina moja? Tunatia mweupe, mwekundu na ule wa shingo iliyopinda, shamba moja, na mwaka unaomuua huyu unamwacha yule. Hilo nililijua nikanyamaza kwa sababu wewe ni mwalimu.

Bado ni mpwa wako,
Getrude

—

Masasi, 30 Agosti 1908

Mama Stamili, mwanangu, mwalimu wangu,

Nimekukosea, na nimekukosea kwa maandishi, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu karatasi haisahau. Ichome ile barua. Mkaza mjomba wako aliisoma nakala nilipomwonyesha na hajanipa mboga siku mbili. Nguruwe wako nimewafundisha darasani.

Lakini baada ya nguruwe swali lilibaki, likaninyima raha. Kutu haiishi kwenye jani kavu, nimelijaribu hilo. Inataka kijani. Kiangazi kizima, toka Agosti mpaka mvua, hakuna ngano mbichi hapa wala kwenu. Basi huyo nguruwe wa pua nyembamba alizaliwa wapi? Alikula nini akingoja?

Barua zako ninazo zote kwenye sanduku la chaki. Nikazitoa, nikazisoma moja moja. Ya tarehe 25 Agosti, mwaka jana. "Pamekuwa kijani kama kitambaa." Ya padre na yetu zimechanganyikana, ya padre ina wekundu wake. Mwanangu, ulinichekesha nikacheka, na kilichonipita ni hiki: ya padre iliilisha kutu pale mwaka mzima, na yetu ikasimama ubavuni inaguswa kila siku, umande juu, maji chini. Kutu ilikuwa na miaka miwili ya kujaribu. Pale ndipo iliposhinda.

Sikulaumu. Ningelaumu maji ya mtoto? Ila pang'oe. Pang'oe leo, uchome, kabla ya mvua. Sharti pawe pakavu, la sivyo mbegu yoyote tutakayoipata italiwa tena.

Najua hujapang'oa, maana wewe unaona jambo mara moja na hili huwezi kuwa hukuliona, na ungekuwa umepang'oa ungeniandikia. Niambie kwa nini.

Mjomba wako,
Kasiani

—

Kitangari, 20 Septemba 1908

Shikamoo Mjomba. Stamili ametimiza miaka mitatu. Mbegu za boga alizila zote zikiwa mbichi.

Umesema kweli, niliona. Niliona siku ile ya chungu. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaangalia, nikarudi jikoni, nikakuandikia habari za nguruwe na hilo sikuliandika.

Unajua desturi ya kwetu, mama yangu aliifuata na mama yake. Kinachoota penye maji ya kumwogeshea mtoto wa kwanza mama hakigusi. Ni cha mtoto. Kinakaa mpaka siku mtoto atakapokwenda bondeni na kurudi kwa miguu yake, na kibuyu chake kichwani. Siku hiyo baba yake huking'oa, watu wanakula, mtoto amekuwa mtu wa nyumba. Baba akiwa safarini, kinamngoja. Baba akiwa amekufa, mjomba hung'oa. Mimi sina kaka, mjomba wa Stamili ni wewe wewe.

Wiki iliyopita Stamili alipanda kutoka bondeni, mguu wake mmoja anauvuta, na kibuyu kidogo kama ngumi kichwani. Nusu kimemwagikia shingoni. Wanawake walipiga vigelegele. Somoe akauliza, kwa wema tu, "Nani atang'oa?" Nikaingia ndani.

Nikiing'oa mimi, nimesema kwa mikono yangu kwamba Nikolao hayupo. Sitasema neno hilo kwa kukisia. Nimekuuliza mwaka jana mara mbili. Ulijibu "bado", halafu ukajibu "watu husema mengi", na tangu hapo hujataja hata jina lake, wewe uliyekuwa ukimwita mwanangu. Mjomba, mimi nasoma barua zako kama wewe unavyosoma zangu.

Basi niambie. Ni nani wa kung'oa? Ukiniambia ni yeye, ngano hii itakaa hapa hata kutu ikila mpaka kanisa. Ukiniambia ni wewe, nitajua. Lakini usiniandikie tena habari za nguzo na dirisha kabla hujajibu.

Getrude

—

Masasi, 11 Oktoba 1908

Mwanangu,

Ni mimi wa kung'oa.

Mrisho wa Lisekese alirudi Novemba ya mwaka jana. Walikuwa msafara mmoja na Nikolao. Nikolao alishikwa na kuhara damu karibu na Ruvuma, mvua za kwanza, akafa siku ya tatu. Mrisho alimzika, akasoma Baba Yetu ingawa yeye ni Mwislamu, maana alikuwa amemsikia Nikolao akiisoma kila jioni mpaka naye akaishika kichwani. Aliniletea kisu chake kidogo cha kuchongea. Kimekaa kwenye sanduku la chaki, chini ya barua zako, mwaka mzima kasoro mwezi.

Kwa nini nilinyamaza? Utasema nilitaka kukupa nyumba kwanza, halafu msiba. Hilo nalo lipo. Lakini kubwa ni lingine. Siku ile huko Kitangari askari walipokusanya wanaume barazani wakasoma majina, jina lililosomwa halikuwa la Nikolao. Lilikuwa la kwangu. Nilipokuwa nahangaika kusimama na mguu huu, yeye alikuwa ameshasimama, akasema, "Kasiani ni mimi." Mzigo ule ni wangu, Getrude. Sikuwa na kalamu ya kuandika hilo.

Kupanda mlima wenu siwezi. Nilijaribu juzi, nikafika nusu ya njia nikabebwa kama gunia. Kwa hiyo Muharami analeta kisu, na barua hii. Iwe mkono wangu. Mimi Kasiani, mjomba wa Stamili, nang'oa.

Usiponijibu nitaelewa.

Kasiani

—

Kitangari, 8 Novemba 1908

Kwa Mjomba wangu Kasiani.

Shikamoo Mjomba.

Tumelia siku saba. Somoe alipika, alichota maji yangu na yake, na hakusema neno moja la mzaha, mpaka siku ya nane nikamwambia aseme tu, maana kimya chake kinanitisha.

Naanza na lile la jina. Nilikuwa najua. Siku ile Nikolao aliruhusiwa kuja kuchukua mkeka wake, akaniambia mlangoni. Akasema, "Mjomba hafiki hata Chiwata na mguu ule. Wewe usimwambie kwamba unajua, atakuwa anainamisha macho mbele yako." Nikamwahidi. Miaka mitatu nimeitunza ahadi hiyo darini pamoja na mbegu zako, na wewe uliinamisha macho vilevile. Basi yaishe. Alichagua mwenyewe, na alichagua vizuri, na mimi nimekasirika naye na nampenda. Wewe siku hizo kumi na moja za kumficha Mrisho, nasema siku lakini ni miezi, hizo ndizo nitakazokugombeza. Nitakugombeza uso kwa uso, si kwa barua.

Sasa la ngano. Niliwaita watu. Nilisimama penye maji ya Stamili nikasoma barua yako kwa sauti, sehemu moja tu: "Mimi Kasiani, mjomba wa Stamili, nang'oa." Kisha nikaishika karatasi ile mkononi na nikang'oa nayo, jani na karatasi pamoja, ili mkono uwe wako. Imechafuka wekundu mpaka sahihi haisomeki. Stamili naye aling'oa, kwa nguvu, akianguka makalio kila bua. Tumechoma zote jikoni. Moshi wake unanuka kama mkate ulioungua.

Kabla ya kuchoma, katikati yake nilikuta mabua mawili hayana nukta. Nimeyageuza kila upande, juani. Safi. Moja lina ndevu, lingine ndevu fupi za ajabu, sijui mama yake nani. Punje zilikuwa zimeshakuwa ngumu kwenye jino, nikazipukuchua: thelathini na tisa. Muharami anakuletea ishirini, mimi nimebaki na kumi na tisa. Sikula hata moja.

Usiseme hii ndiyo isiyoshindwa. Nayo itapata nguruwe wake siku moja. Wacha pamba ichukue lile shamba. Hizi zipande pembeni, kati ya mtama, pamoja na yetu ya zamani na ya padre, zichanganyike. Na ukivuna, ng'oa kila kilichobaki kijani, hata kama kimeota kaburini pa mtakatifu. Kwa sababu hiyo kipande cha kando ya kijito usikililie. Pale pangekuwa kijani mwaka mzima, tungeijengea kutu nyumba kabla ya kujijengea sisi.

Nyumba ninaitaka. Iweke nyuma ya kwako, juu, pakavu. Maji nitachota, nimezoea, na hatua mia si bonde la Kitangari. Tutashuka baada ya mvua kubwa. Hapa sina tena ninayemngoja.

Jana Stamili alirudi bondeni na kibuyu chake. Safari hii hakikumwagika. Alipita mbele yangu bila kunitazama, akazunguka nyuma ya nyumba mpaka pale palipobaki udongo mtupu, akakipindua chote, mpaka tone la mwisho, akachuchumaa kuangalia kama kitaota kitu.

Maji ya kutoka bonde lile, Mjomba, unalijua bonde lile. Sikumkaripia.

Mpwa wako,
Getrude, Mama Stamili